Barua za Chuo Wakati wa Korona: Mafunzo kutoka Machakos

Katika siku za kawaida uongozi wa chuo kikuu huzungumza na wanafunzi wake kwa vitu vichache: tangazo lenye muhuri ubaoni, barua ya msajili, hotuba ya siku ya mahafali, na ujumbe wa karo, ambao haukosi kufika. Mengine yote huenda kwa miguu. Mwanafunzi ambaye alama zake za mtihani hazionekani huenda ofisini mwenyewe. Akikuta mlango umefungwa husubiri kwenye korido, akikosa jibu leo hurudi kesho. Korona ilikata miguu hiyo. Kuanzia Machi 2020 kila kilichokuwa kikimalizwa kwenye korido kilibidi kiandikwe, kitumwe na kijibiwe, na hapo ikadhihirika kwamba vyuo vingi vya Kenya vilikuwa na maofisa hodari wa kutangaza na wachache mno wa kujibu.

Machakos inafaa kutazamwa kwa jambo hili kwa sababu kaunti hiyo moja ina vyuo vya kila aina. Chuo Kikuu cha Machakos, kilichoko kando ya barabara ya Wote, ni cha umma. Kilianza kama chuo cha ufundi, kikawa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Kenyatta mwaka 2011, na Oktoba 2016 kikapata hati ya kujitegemea. Virusi vilipofika nchini kilikuwa hakijatimiza miaka minne ya kusimama chenyewe. Mjini humo humo kuna Scott Christian University, chenye mizizi katika kanisa la Africa Inland (AIC), na upande wa Athi River kuna kampasi ya Chuo Kikuu cha Daystar. Wanafunzi wa vyuo hivi hutoka kila pembe ya nchi, na Nairobi iko umbali wa kilomita sitini na kitu tu. Kwa hiyo amri yoyote iliyotolewa jijini kuhusu safari na masomo iligusa Machakos siku ile ile.

Ijumaa, Machi 13, 2020, Waziri wa Afya Mutahi Kagwe alitangaza mgonjwa wa kwanza wa korona nchini. Jumapili iliyofuata Rais Uhuru Kenyatta akaamuru shule za kutwa zifungwe kesho yake, za bweni zifungwe kufikia Jumatano, na vyuo kufikia Ijumaa, Machi 20. Vyuo vilipewa siku tano. Ng'ambo ya bahari, Harvard ilikuwa imewapa wanafunzi wake siku tano vilevile, kutoka Machi 10 hadi Machi 15. Tajiri na maskini walipewa muda sawa wa kufunga mizigo, ingawa mizigo yenyewe na safari za kwenda nyumbani hazikufanana.

Wiki ile steji ya Machakos ilikuwa na wanafunzi waliobeba magodoro yaliyokunjwa na kufungwa kwa kamba, ndoo zenye sufuria na jiko la gesi dogo, na mifuko ya vitabu. Muda si muda matatu za abiria kumi na wanne zikaamriwa kubeba wanane, na nauli ikapanda. Mwanafunzi wa mwaka wa pili aliyesimama pale, safari ya Busia au Garissa ikimngoja, alikuwa na maswali ya kuhesabika kwa vidole. Je, majaribio ya muhula yaliyokwishafanywa yatahesabiwa? Pesa za hosteli zitarudishwa au zitasogezwa mbele? Aliyepanga nje ya chuo aendelee kulipa kodi ya chumba kilichofungwa? Mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, utaingia? Na akiwa na swali la tano, amuulize nani, kwa namba ipi?

Barua aliyoipata kwenye simu haikujibu hata moja. Barua za namna hiyo zilikuwa na umbo linalojulikana na kila aliyepita chuo cha Kenya: namba ya kumbukumbu juu kulia, kichwa kwa herufi kubwa, aya ya kwanza inayorudia agizo la serikali, aya ya pili inayotaka mabweni yaachwe wazi, na aya ya mwisho ya shukrani na kutakiana afya. Iliandikwa kwa Kiingereza, ikatiwa sahihi na muhuri, ikaskaniwa, kisha ikapandishwa kwenye tovuti. Kama hati ya kuonyeshwa wizarani au mahakamani ilikuwa sawasawa. Shida ni kwamba mwandishi wake aliandika akilitazama baraza la chuo, wizara na wakili, na yule mwenye godoro hakuwamo katika macho yake. Barua inayomlinda mwandishi si lazima imsaidie msomaji, na katika miezi ile tofauti hiyo ilipimwa kwa nauli na kodi ya nyumba.

Umbo hilo lilileta tatizo jingine ambalo halikutarajiwa. Karatasi iliyoskaniwa husambaa kama picha. Mtu huikata ili ionekane vizuri kwenye kioo cha simu, na kinachokatwa kwanza ni sehemu ya juu yenye tarehe. Hivyo tangazo la Machi liliweza kuzunguka Julai likisomwa kama jipya. Dawa yake ilikuwa rahisi mno: kuandika tarehe ndani ya sentensi yenyewe, na kutuma maneno matupu yasiyokula bando. Vyuo viliijua dawa hiyo polepole.

Njia ambayo habari zilipita kweli haikuwa tovuti wala barua pepe ya chuo, ambayo wanafunzi wengi walikuwa hawajaifungua tangu siku ya usajili. Ilikuwa simu ya mwakilishi wa darasa. Marekebisho ya Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2016 yalibadilisha uchaguzi wa viongozi wa wanafunzi: kura ya moja kwa moja ikaondolewa, na baraza la wanafunzi likawa linachaguliwa na wajumbe. Yako maoni mengi juu ya mabadiliko hayo. Kwa vyovyote, kiongozi wa juu wa wanafunzi alikuwa mbali na darasa kuliko zamani, na aliyebaki karibu ni yule kijana au binti anayekusanya karatasi za mahudhurio na kumfuata mhadhiri asiyefika. Huyu alikuwa na kikundi cha WhatsApp. Alijua nani yuko Masinga ambako mtandao hutegemea kilima, nani amepata kibarua cha mjengo, nani ameuza simu, na nani yuko kimya kwa sababu mzazi ni mgonjwa. Ofisi iliyokuwa na namba za wawakilishi wa madarasa ilikifikia chuo chote kwa saa moja. Ofisi iliyotegemea tovuti ilijizungumzia yenyewe.

WhatsApp nayo ilikuwa na mipaka yake. Kikundi kilichukua watu 256 tu wakati huo, kwa hiyo kozi kubwa ziligawanyika vikundi viwili vitatu, na habari ikafika kwa kasi tofauti. Aprili 2020 kampuni hiyo ilizuia ujumbe uliosambazwa mara nyingi usipelekwe kwa zaidi ya mtu au kikundi kimoja kwa wakati, kwa nia ya kupunguza uzushi. Uzushi haukukosa. Barua bandia zenye nembo za wizara na za vyuo zilitengenezwa kwa ustadi, zikitaja tarehe za kufunguliwa ambazo hakuna aliyezipanga. Machi hiyo hiyo kijana mmoja alikamatwa huko Mwingi, Kitui, kwa madai ya kueneza habari za uongo kuhusu ugonjwa huo mtandaoni. Sheria ina kazi yake, lakini uvumi juu ya tarehe za chuo haukuletwa na wahalifu. Uliletwa na wiki nyingi ambazo chuo hakikusema kitu.

Hapa ndipo serikali kuu, pamoja na makosa yake, ilipovishinda vyuo. Wizara ya Afya ilizoea kutoa takwimu kila alasiri. Mara nyingi habari zilikuwa mbaya, na siku nyingine zilikuwa zile zile za jana, lakini mwananchi alijua kwamba atasikia kitu na alijua lini. Vyuo vilingoja uamuzi ndipo viseme. Seneti isipokutana, ukimya. Wizara isipotoa mwongozo, ukimya. Naibu chansela ambaye angeandika kila Ijumaa mistari minne, hata kama mstari wa kwanza ni kwamba bado hakuna tarehe na wa mwisho ni kwamba ujumbe mwingine utakuja Ijumaa ijayo, angewaokoa wazazi wengi na safari za bure. Ujumbe kama huo hauhitaji kikao. Unahitaji mtu asiyeogopa kuonekana hajui.

Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu wakati huo iliongozwa na Profesa Chacha Nyaigotti-Chacha, ambaye wasomaji wa Kiswahili wanamfahamu zaidi kwa tamthilia zake. Ni kinaya kidogo kwamba sekta iliyokuwa na mwandishi wa tamthilia katika kiti cha juu iliandika barua ambazo ndani yake mhusika mmoja tu ndiye aliyezungumza.

Kuanzia Julai kazi ya kueleza ikawa ngumu zaidi. Julai 7, 2020, Waziri wa Elimu George Magoha alitangaza kwamba shule za msingi na za upili zingengoja hadi Januari 2021, na vyuo vingefunguliwa kwa awamu vikitimiza masharti ya afya. Oktoba wanafunzi wa mwaka wa mwisho wakaanza kurejea. Jirani zetu wa Tanzania walifunga vyuo Machi na kuvifungua vyote Juni 1, kwa hiyo tangazo moja lilitosha. Kenya ilichagua awamu, na kwa afya ya umma ilikuwa na hoja zake, lakini awamu zinadai barua nyingi. Wa mwaka wa nne alitaka kujua siku ya kurudi. Wa tatu alitaka kujua kama masomo ya mtandaoni yanahesabiwa. Wa kwanza hakujua kama bado ni mwanafunzi. Tangazo lililoelekezwa kwa "wanafunzi wote" lilisomwa kwa njia tofauti, na kila mmoja akaona humo alichokitamani.

Ramani nayo iliongeza utata, na kwa Machakos iliongeza zaidi. Amri ya Aprili 6, 2020, ya kuzuia watu kuingia na kutoka eneo la jiji la Nairobi ilichukua kipande cha kaunti hii hadi Athi River, pamoja na Katani, na kuliacha eneo lililobaki nje. Kaunti ikagawanywa na kizuizi cha polisi. Mfanyakazi mwenye nyumba Nairobi na ofisi Machakos mjini alikwama upande mmoja hadi vizuizi vilipoondolewa mapema Julai, na ofisi iliyokuwa na muhuri au ufunguo wa kabati ikawa haina mtu. Mwaka uliofuata hali ikageuka. Machi 26, 2021, kaunti tano, yaani Nairobi, Kajiado, Machakos, Kiambu na Nakuru, zilifungwa kama eneo moja na masomo ya ana kwa ana yakasimamishwa. Safari hiyo Machakos nzima ilikuwa ndani, na waliokwama ni wanaokwenda Makueni na Kitui. Agizo lililegezwa Mei 1. Ufungaji huo wa pili haukuwa na kizaazaa cha ule wa kwanza, kwani orodha za namba zilikuwa zimekwisha kutengenezwa na kila darasa lilijua nani wa kupigiwa.

Masomo ya mtandaoni yalizua mazungumzo ya aina nyingine. KENET, mtandao unaohudumia vyuo vya elimu ya juu nchini, ulishirikiana na kampuni za simu kupata bando za bei nafuu kwa wanafunzi, na hilo lilikuwa jambo jema. Lakini habari ya bando nafuu ilitangazwa mtandaoni, yaani kwa watu ambao tayari walikuwa na bando. Mwanafunzi wa Masinga au wa bonde la Yatta aliyekuwa na simu ya kabambe, akiichaji dukani mara mbili kwa wiki, angefikiwa na ujumbe mfupi wa maandishi peke yake. Ujumbe huo una nafasi ya herufi 160. Humo huwezi kuweka pole, pongezi na kauli mbiu ya chuo. Unaweza kuweka tarehe, kiasi cha pesa na namba ya simu. Kikomo hicho cha herufi kingekuwa mwalimu mzuri kwa maofisa wa mawasiliano.

Wazazi walisahauliwa kabisa. Ukambani, kama kwingineko, karo hutoka kwenye ng'ombe aliyeuzwa, kwenye chama cha akina mama, na kwenye mshahara wa kaka mkubwa aliyeko Mlolongo. Mzazi wa namna hiyo hasomi tovuti, na Kiingereza cha msajili humpita kando. Husikiliza Musyi FM au Mbaitu FM, kwa Kikamba, jioni akipika au akifunga mifugo. Dakika kumi za mkuu wa chuo katika kipindi kama hicho, akijibu simu za wasikilizaji, zingefaa kuliko barua kumi. Na maswali yangekuwa makali: kwa nini nilipie hosteli ambayo mwanangu halali?

Wahitimu wanahitaji kuelezwa peke yao, maana juu yao vyuo vingi viliteleza. Mawasiliano na wanafunzi wa zamani yalikuwa yamezoea msimu mmoja tu, wa kuomba mchango. Janga lilipokuja, vyuo vikafuata mazoea. Tatizo ni nani aliyekuwa akiombwa. Chuo kipya chenye kitivo cha elimu kina wahitimu wengi ambao ni walimu wachanga, na wengi wa walimu hao huajiriwa na bodi za shule wakingoja nafasi za tume ya walimu, TSC. Shule zilipofungwa mishahara hiyo ya bodi ilikatika, kwa kuwa ilitegemea karo. Mpango wa serikali wa kufufua uchumi uliotangazwa Mei 2020 ulitenga shilingi bilioni 6.5 kwa elimu, pamoja na kuajiri walimu 10,000, lakini hapo katikati walikuwapo walimu waliouza mitumba na kuchunga mbuzi wa baba. Mhitimu wa aina hiyo alihitaji chuo kimwambie jinsi ya kupata cheti chake wakati ofisi zimefungwa, na jinsi mwajiri atakavyothibitisha nakala ya matokeo. Akiombwa pesa badala yake, hakasiriki tu. Huondoka kwenye kikundi.

Alichokuwa nacho cha kutoa hakikuombwa. Mwalimu aliyekwama kijijini kwao Mwala au Kathiani alijua ni duka gani lina umeme, ni kilima gani kina mtandao, na ni wanafunzi wepi wa chuo chake wako jirani. Wahitimu wakubwa zaidi, wale waliosoma ufundi palipo Chuo Kikuu cha Machakos kabla ya jina kubadilika, ni mafundi umeme, maseremala na mafundi bomba waliotapakaa nchi nzima. Wengi wao hata hawajihesabu kuwa wahitimu wa chuo kikuu, na hakuna barua iliyowahi kuwaambia kwamba wanahesabiwa.

Ng'ambo ya mpaka, Chuo Kikuu cha Makerere cha Uganda kilipata somo lake la kuzungumza na wahitimu kwa moto. Alfajiri ya Septemba 20, 2020, chuo kikiwa kimefungwa kwa sababu ya korona, jengo lake kuu lililofunguliwa mwaka 1941 liliungua. Naibu chansela Barnabas Nawangwe aliandika kwenye Twitter asubuhi ile ile: alikiri hasara, akaahidi kulijenga upya. Hakungoja kikao. Wahitimu wa Makerere walioko Nairobi, Dar es Salaam na London wakaomboleza kana kwamba wamefiwa, kisha wakaulizana watachangia vipi. Jengo lilifunguliwa tena Oktoba 2024. Tofauti ya ombi hilo na maombi mengine ya mwaka ule iko wazi: aliyeombwa alikuwa amekwisha kuambiwa kilichotokea, na mtu aliyemwamini, kabla hajatajiwa pesa.

Kuna aina moja ya ujumbe ambayo vyuo vilijifunza kuiandika vizuri, kwa bahati mbaya, kutokana na kurudiarudia. Ni tanzia. Mazishi yaliwekewa idadi ya waombolezaji 15, kwa hiyo ujumbe wa chuo ukawa ndio matanga kwa walio wengi. Tanzia nzuri za kipindi kile zilikuwa fupi: jina, kazi, alichofundisha, miaka aliyotumikia, siku ya kuzikwa, na mtu wa kumpelekea rambirambi. Wanafunzi walizijibu kwa mamia, wakitaja somo na chumba cha darasa. Ingekuwa vyema kama matangazo mengine yangeandikwa kwa uangalifu ule.

Suala la siri za watu halikupewa uzito uliostahili. Sheria ya Ulinzi wa Data ilikuwa imeanza kutumika Novemba 2019, miezi minne tu kabla ya ugonjwa kuingia, na Kamishna wa kwanza wa Data, Immaculate Kassait, aliapishwa Novemba 2020. Katika pengo hilo orodha za majina, namba za simu na namba za usajili zilirushwa kwenye vikundi bila kuulizwa mwenye nazo. Haraka ilikuwa na udhuru wake mwaka 2020. Leo haina.

Kafyu ya nchi nzima iliondolewa Oktoba 20, 2021, Siku ya Mashujaa, na korido zikajaa tena. Barua za kipindi kile zimebaki wapi? Zenye muhuri ziko kwenye majalada. Zile zilizofanya kazi, yaani jumbe za wawakilishi wa madarasa, maswali ya saa nne usiku na majibu yake, sauti za wahadhiri waliofundisha kwa kurekodi kwenye simu, ziko ndani ya simu ambazo nyingi zimepasuka kioo au zimeuzwa. Maktaba za vyuo vya Machakos zina wahifadhi na zina nafasi. Aliyekuwa mwakilishi wa darasa mwaka 2020 na bado ana kikundi kile, akitoe nakala, afute namba za wenzake, aipeleke maktaba. Na mkutubi aipokee bila kudai barua ya utambulisho.